Gari la zamani linapochemsha: uzibue rejeta, uchukue ya mtumba au ufunge mpya?

Msimu wa korosho uliopita Corolla 110 yangu ilinisimamisha kwenye mchanga, kabla sijafika Kitangari. Mshale wa temprecha ulikuwa unapanda polepole tangu tulipoiacha lami, nami nikajipa moyo kwamba utashuka. Haukushuka. Nilipofungua boneti, mvuke ulikuwa unatoka pembeni ya mfuniko wa rejeta kwa mluzi mwembamba. Nilishika kitambaa tayari kuufungua. Mzee mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli akasimama, akaniambia, "Njomba, acha huo mfuniko. Njoo ukae kivulini kwanza." Tukakaa karibu saa nzima chini ya mkorosho. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Maji yaliyobanwa ndani ya rejeta nzima hayachemki kwenye nyuzi 100. Hufika karibu 120 yakiwa bado maji, na ukiyafungulia ghafla yanageuka mvuke na kukurukia usoni.

Niliporudi Mtwara mjini kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema rejeta ikazibuliwe. Mwingine akasema nitafute ya mtumba, wa tatu ninunue mpya ya alumini, na wa nne akasema nitoe themostati, kile kizibo kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, na feni niipige dairekti, yaani niiwashe kwa swichi yangu mwenyewe, nitasahau habari ya kuchemsha. Njia hizi zote nimezipitia, nyingine kwenye gari langu, nyingine kwenye Hilux ya mjomba wangu, ile ya dizeli yenye injini 3L, ambayo matengenezo yake mengi tunayafanya wenyewe uani. Hazilingani hata kidogo, na iliyo bora kwenye gari moja inaweza kuwa hasara kwenye jingine.

Kwanza, linachemkia wapi?

Ukikosa jibu la swali hili utanunua rejeta wakati ulihitaji fyuzi.

Gari likichemsha kwenye lami, ukiwa kwenye 80 au 100 kuelekea Lindi, usiisumbue feni. Kwa mwendo huo upepo unaoingia mbele unatosha wenyewe. Shida iko kwenye mzunguko wa maji: rejeta imeziba ndani, mapezi yake (vile vibati vyembamba kati ya mirija) yameliwa, pampu ya maji imechoka au themostati haifunguki. Likichemsha kwenye mchanga ukiwa na gia ya kwanza na ya pili, au likiwa limesimama mnadani huku AC inafanya kazi, kisha likapoa ukishika lami, anza na feni. Kabla hujafungua chochote, chungulia kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na rejeta yenyewe. Magari yanayozunguka vijijini hujaza pale vumbi, majani na wadudu mpaka hewa haina pa kupita. Pitisha maji ya mpira kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ndogo ili usilaze mapezi. Nimewahi kuona gari likipona kwa kuoshwa tu.

Lakini likichemsha popote, maji yakawa yanapungua bila tone kuonekana chini, na asubuhi ukiwasha injini ya baridi mfuniko ukiwa wazi ukaona mapovu yanapanda bila kukoma, hiyo ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena. Hapo rejeta ya aina yoyote haitakusaidia, na yanayofuata hapa chini hayakuhusu mpaka hedi ishuke.

Rejeta tatu mezani

Tuanze na ile uliyonayo. Kwangua kona ya tenki kwa ncha ya msumari. Rangi ya njano au nyekundu ikitokea, una rejeta ya shaba, na hiyo ni mali. Ikitokea rangi ya fedha, au tenki la juu likiwa la plastiki nyeusi lililobanwa kwa meno ya bati kuzunguka, ni alumini. Tofauti hii ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Rejeta ya Hilux ya mjomba ni ya shaba. Fundi aliyeitengeneza aliyeyusha lehemu ya tenki la juu na la chini, akayang'oa, akapitisha vyuma bapa vyembamba kwenye mrija mmoja baada ya mwingine. Kilichotoka kilikuwa kama unga wa matofali uliolowa, kikombe kizima. Kisha akafunga tena kwa lehemu, akaziba midomo, akaizamisha kwenye pipa la maji na kuipuliza kwa pampu. Kwenye kona moja yalitoka mapovu madogo kama ya sabuni. Akaitoa, akaikausha, akagusa tena kwa lehemu, akaizamisha mara ya pili. Kimya. Kazi ya namna hii ukiwa pale inakupa imani, kwa hiyo nenda ukasimame uone ikizamishwa. Fundi akikataa kuipima majini mbele yako, beba rejeta yako uondoke.

Kuzibua kuna mipaka. Mrija unaovuja fundi huuziba moja kwa moja kwa lehemu. Mmoja au miwili haina neno, lakini ikifika mitano au sita umeshapunguza rejeta yenyewe. Halafu kuna chumvi yetu. Gari linalolala Shangani au Mikindani, karibu na bahari, hupigwa na upepo wenye chumvi usiku kucha. Mapezi ya shaba hugeuka kijani, ya alumini hutoa unga mweupe. Yaguse kwa kucha. Yakibomoka kama jani kavu, kuzibua mirija ni kupoteza hela, maana joto hutokea mrijani likapita kwenye pezi ndipo liende hewani, na pezi halipo.

Rejeta ya mtumba kutoka Japani ina sifa moja kubwa: ilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Matundu ya boliti yanakutana, feni inakaa mahali pake, kiini, yaani sehemu ya kati yenye mirija na mapezi, kina unene ule ule wa kiwandani. Hiyo ndiyo iliyonivuta. Niliagiza moja Dar, ikasafiri zaidi ya kilomita 550 kwenye buti la basi, nikaifunga mwenyewe kwa spana namba 10 na 12 na bisibisi, jioni moja tu. Ilinipoza vizuri kwa miezi michache, kisha tenki la plastiki likapasuka mstari mwembamba karibu na mdomo wa mpira wa juu, pale maji ya moto yanapoingilia. Nilipoichunguza vizuri nikagundua ilikuwa inaniambia tangu mwanzo: plastiki ya juu ilikuwa imepauka na kuwa ya kahawia, wakati ya chini bado nyeusi. Ile kahawia ni plastiki iliyopikwa miaka 20. Kuirudisha dukani kutoka huku kungenigharimu nauli ya mzigo mara mbili na wiki nzima bila gari. Kwa mtu wa Dar mtumba una maana, anaishika, anaigeuza, anamulika ndani kwa tochi ya simu, na ikimsumbua anairudisha kesho yake. Kwetu huku unanunua picha.

Kama gari lako ni la otomatiki, kuna hatari zaidi. Chini ya rejeta, ndani ya tenki, kuna mrija unaopoza oili ya gia boksi. Kwenye rejeta iliyozeeka mrija ule ukitoboka kwa kutu, maji na oili ya gia vinachanganyika, unakuta povu zito la waridi kwenye rejeta, na gia boksi haichukui muda kufa. Rejeta ya mtumba kwenye gari la otomatiki mimi sifungi tena. Na yeyote anayekuuzia, mwambie mapema kwamba gari ni la otomatiki, la sivyo utaletewa rejeta ya gari la manyuo isiyo na midomo ile miwili.

Mpya ya alumini, zile kopi zinazojaa madukani, watu huzidharau haraka mno. Ndani ni safi, plastiki yake haijapikwa, mrija wa oili ya gia ni mpya. Kosa lake ni wembamba. Nyingine zina kiini chembamba kuliko cha asili, ukiziweka sambamba unaona. Nenda na rula, pima unene wa kiini chako, kisha pima ya dukani kabla hujalipa. Hesabu pia midomo na matundu ya feni. Yangu ilinilazimu kuongeza washa, vile vipete vya bati, kwenye boliti mbili za chini ili feni isiguse kiini, kazi ya dakika 20. Shida yake ya pili ni kwamba ikitoboka haina fundi. Lehemu haishiki alumini kama inavyoshika shaba, na gundi ya chuma itakufikisha nyumbani tu.

Kwa hiyo Hilux, Land Cruiser na magari mengine ya zamani yenye rejeta ya shaba ambayo mapezi yake bado magumu: zibua, tena bila kusita. Corolla, Noah, RAV4 na wenzake wa tenki la plastiki: nunua mpya, upime kwa rula. Mtumba uuache mpaka utakaposafiri mwenyewe ukauchague kwa mikono yako.

Jambo moja linaipa shaba pointi ambayo wenzetu wa mikoa mingine hawaifikirii. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zile, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika, na mizigo ikasimama. Aliyesubiri rejeta ya alumini alisubiri. Wa shaba alihitaji fundi, lehemu na pipa la maji, na vyote vilikuwa hapa hapa.

Themostati: kuitoa au kuiacha

Hapa nasema kwa nguvu, kwa sababu magari mengi mazuri yanaharibiwa. Gari likichemsha, kitu cha kwanza ambacho mafundi wengi hutoa ni themostati. Hoja yao ni kwamba hii ni nchi ya joto, kizibo cha kuzuia maji ni cha nini? Inaingia akilini ukiisikia mara ya kwanza. Gari langu nililinunua likiwa limeshatolewa, na sikujua mpaka nilipofungua nyumba yake nikakuta tupu.

Kwenye Toyota nyingi, zikiwemo injini za familia ya A kama 5A iliyo kwenye 110, themostati ina vizibo viwili. Injini ikipata moto, kizibo kikuu kinafungua njia ya kwenda rejeta, na kile kidogo kinaziba njia ya mkato, ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, umeiacha njia ya mkato wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini ikiwa ya moto vile vile, na mlimani, pale unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, gari linachemsha zaidi. Mwongozo wa mafundi wa Toyota wenyewe unaonya kwamba kuitoa kunapunguza upozaji.

Upande wa pili wa hasara ni petroli. Asubuhi, au kwenye safari ndefu ya lami, injini isiyo na themostati haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, na unyevu unabaki kwenye oili badala ya kukauka.

Kuipima hakuhitaji gereji. Iangalie ikiwa ya baridi, ielekeze kwenye mwanga: kizibo kiwe kimefunga kabisa. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, isiguse chini. Ile iliyoandikwa 82 huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 inapaswa kuwa imefunguka milimita 8 au zaidi, kama unene wa penseli. Kama huna kipimajoto, subiri maji yachemke, kisha uone kama penseli inaingia. Isipofunguka, mpya ni miongoni mwa spea nafuu kuliko zote kwenye mfumo huu. Unapoifunga, kale kapini kadogo kanachochezacheza kakae juu, maana ndiko hewa inakotokea.

Feni ya dairekti

Feni ya umeme iliyopigwa dairekti kwenda swichi ya ndani ina faida moja, unaiamuru mwenyewe. Lakini dereva akisahau, injini imekwisha. Kwenye gari langu waya ulipita bila fyuzi wala relei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na kiungo kile ndicho kilichoungua pale mchangani. Nilikuta plastiki imeyeyuka ikawa kama nta.

Kwenye Toyota hizi za miaka ya 1990, swichi ya joto iliyo kwenye maji inafanya kazi kinyume na watu wanavyodhani. Injini ikiwa ya baridi umeme unapita. Ikifika karibu nyuzi 93 unakatika, na kukatika huko ndiko kunakoiamuru relei iwashe feni. Kwa hiyo chomoa soketi ya swichi ile, washa switi ya ufunguo bila kuwasha injini. Feni ikizunguka, mota, relei na fyuzi ni vizima, kinachokosekana ni swichi tu. Isipozunguka, fuata fyuzi, kisha relei, kisha mota yenyewe. Ukilala njiani usiku na swichi imekufa, iache soketi ikiwa imechomolewa, feni itazunguka muda wote switi ikiwa imewashwa, na utafika. Hiyo ni dairekti ambayo kiwanda kimekuachia, yenye fyuzi yake.

Nilirudisha mfumo wa asili. Kama bado unataka swichi yako ya ndani, iweke juu ya mfumo wa asili, kupitia relei na fyuzi, ili feni ijiwashe hata ukisahau.

Maji gani

Maji matupu huchukua joto vizuri kuliko mchanganyiko wa kulanti, ile dawa ya rangi ya kuchanganya na maji ya rejeta, na huku hakuna barafu ya kuogopa. Kwa nini basi uitumie? Kwa sababu ya kutu. Bloku ya 5A ni ya chuma na hedi yake ni alumini. Maji yasiyo na dawa yanazila zote mbili, na ule unga wa kahawia unaishia kwenye mirija ya rejeta uliyoinunua jana. Kulanti pia inapandisha kiwango cha kuchemka. Toyota husema nusu kwa nusu. Mfumo wa gari dogo hili unachukua lita 5 na kitu, kwa hiyo ni kama lita 3 za kulanti nzito. Soma chupa: nyingi za bei ya chini zimeshachanganywa tayari, nyingine ni maji ya rangi. Rangi ya kijani au nyekundu haikuambii kitu.

Maji ya kuchanganyia ndiyo yanayotuangusha. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi na chokaa hiyo hugandia ndani kama ilivyo kwenye birika la chai. Maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri yanafaa, ila soma lebo mara mbili, kuna chupa za asidi zinazofanana nazo. Watu wa uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, ambao shida ya maji imewafundisha kuvuna mvua, wana kitu bora zaidi kuliko sisi wa mjini: maji ya mvua. Yakinge kwenye ndoo ya plastiki baada ya mvua za kwanza kuosha bati. Yale ya kisima cha saruji yamekwisha kunywa chokaa ya saruji, hayo yaache.

Kulanti ni sumu na ina utamu. Ukiimwaga chini uani, kuku, mbuzi na watoto wataifikia. Ikingie beseni.

Na mfuniko. Umeandikwa 0.9, yaani shinikizo unaloshikilia, kwenye Toyota nyingi za aina hii. Mpira wake ukipasuka shinikizo linatoka, na maji yanachemka mapema, kwenye 100 badala ya karibu 120. Usiweke wa 1.1 kwa kudhani ni imara zaidi, utaisukuma mipira ya zamani mpaka ipasuke.

Siku ya kujaza, gari liwe la baridi na pua yake ielekee kwenye mwinuko. Fungua hita ya ndani mpaka mwisho wa moto, mimina polepole, kanda mpira wa juu kwa mkono mpaka mapovu yaishe. Washa, mfuniko ukiwa wazi, usubiri feni ijiwashe mara mbili, ongeza, funga, na ujaze chupa ya akiba mpaka alama ya juu. Kila asubuhi kwa wiki ya kwanza itazame chupa hiyo kabla ya kuwasha. Yangu ilishuka kidole kimoja siku ya pili, nikaijaza, na tangu hapo imesimama kwenye alama ile ile, hata niliporudi Kitangari na watu wanne na magunia nyuma.